Hakikisho Dhidi ya Adhabu ya Kifo katika Urejeshaji wa Watuhumiwa: Shauri la Mohamed (2001)

Urejeshaji wa watuhumiwa ni utaratibu ambao dola moja humkabidhi kwa dola nyingine mtu anayetuhumiwa au aliyetiwa hatiani, ili akajibu mashtaka au akatumikie adhabu. Magazetini, na hata vinywani mwa baadhi ya mawakili, huitwa "kubadilishana wahalifu". Istilahi hiyo ina kasoro: humwita mhalifu mtu ambaye pengine hajahukumiwa, na kudokeza kwamba dola hupeana watu kama bidhaa. Mwanasheria anayeanza na neno "mhalifu" huwa amekwisha kuliweka kando swali ambalo mahakama inapaswa kuliuliza, yaani mtu huyu atatendewa nini huko aendako.

Swali hilo lilipata uzito mwaka 1989, pale Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoamua katika shauri la Soering kwamba Uingereza ingekiuka katazo la mateso kama ingemkabidhi mtuhumiwa kwa Marekani, ambako angeweza kukaa miaka mingi akisubiri kuuawa. Mahakama haikusema kwamba adhabu ya kifo yenyewe ilikuwa haramu. Kilichoangaliwa ni mazingira ya kuisubiri.

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Khalfan Khamis Mohamed, raia wa Tanzania, alikamatwa Cape Town mwezi Oktoba 1999 akituhumiwa kushiriki katika shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam, lililoua watu 11. Muda mfupi baadaye alikabidhiwa kwa maofisa wa Marekani na kusafirishwa hadi New York. Serikali ilijitetea kwamba huo haukuwa urejeshaji wa mtuhumiwa bali uondoshaji wa mhamiaji haramu, tena aliyeridhia mwenyewe.

Hukumu ya tarehe 28 Mei 2001 ilikataa hoja zote mbili. Kwanza, jina la utaratibu halibadilishi wajibu wa dola: iwe ni kurejesha au kuondosha, serikali iliyofungwa na haki ya kuishi na haki ya utu haiwezi kumpeleka mtu kwenye hatari ya kunyongwa bila kupata hakikisho kwamba adhabu hiyo haitatolewa au haitatekelezwa. Pili, mtu hawezi kuiacha haki asiyoijua. Tena, sheria ya uhamiaji yenyewe haikuruhusu Mtanzania aondoshwe kwenda Marekani.

Hoja ya kwamba hakikisho lingekwamisha haki haikuwa na nguvu. Ujerumani ilikuwa imemkabidhi Mamdouh Mahmud Salim, aliyehusishwa na mtandao huohuo, baada ya Marekani kukubali kutodai auawe. Kilichokosekana Cape Town, basi, ni barua tu. Mahakama iliagiza nakala ya hukumu ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York iliyokuwa ikiendelea na kesi; hatimaye Mohamed alihukumiwa kifungo cha maisha.

Kanuni hii ina gharama, na utetezi wa haki za binadamu usiifiche. Katika shauri la Tsebe (2012), Botswana ilikataa kutoa hakikisho, na Afrika Kusini ikazuiwa kuwakabidhi watu waliotuhumiwa kwa mauaji. Familia za marehemu zilibaki bila kesi kusikilizwa mahali mauaji yalipotokea. Rwanda, kwa upande wake, ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, hatua iliyofungua njia ya kupokea kesi kutoka Mahakama ya Kimataifa ya Arusha na watuhumiwa kutoka nchi nyingine.

Tanzania haijafika huko. Katika shauri la Mbushuu (1995), Mahakama ya Rufani iliihalalisha adhabu hiyo, nayo ingali ndiyo adhabu ya kosa la kuua kwa kukusudia. Kwa hiyo, mwendesha mashtaka wa Tanzania anayemtaka mtuhumiwa wa mauaji aliyekimbilia Afrika Kusini anapaswa kutarajia kudaiwa hakikisho la maandishi, na kujua mapema ni mamlaka gani nchini inayoweza kulitia saini na kulitimiza baada ya hukumu kutolewa.