Mzazi, Serikali na Shule ya Mtoto

Mtoto ni wa nani? Swali hili huzuka kila mara sheria inapomtaka mzazi ampeleke mtoto wake shuleni. Wako wasemao kwamba mtoto ni wa wazazi, kwa hiyo serikali isiwaingilie. Na wako wasemao kwamba ni wa taifa, kwa hiyo wazazi watii. Sisi tunaamini kwamba mtoto ni wa Mungu, na kwamba wote wawili wamekabidhiwa tu. Ni budi basi tueleze mpaka wa kila mmoja.

Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akifafanua Amri ya Nne, Martin Luther alifundisha kwamba mamlaka mengine yote hutoka katika mamlaka ya wazazi. Mzazi ndiye wa kwanza. Hata hivyo, katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, Luther huyo huyo aliitaka miji ianzishe shule za wavulana na wasichana. Alitoa sababu tatu: wazazi wengine hawana nia, walio wengi hawana ujuzi, na wenye vyote viwili hukosa nafasi kwa wingi wa kazi. Mwaka 1530 aliongeza kwamba serikali ina wajibu wa kuwalazimisha raia wawasomeshe watoto.

Nchini Tanzania tumeyaona mambo haya kwa macho yetu. Sheria ya elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzitwaa shule nyingi za makanisa. Wazazi walipungukiwa na nafasi ya kuchagua. Lakini mlango ulifunguliwa kwa watoto wa dini zote. Sheria ya mwaka 1978 ikamwagiza mzazi kumwandikisha mtoto wa miaka 7 hadi 13 na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Binti ambaye baba yake angependa abaki nyumbani alipata mtetezi.

Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, katika kifungu cha 26, linayaunganisha yote mawili: elimu ya msingi ni ya lazima, na wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu. Ndiyo kusema, serikali yaweza kuamuru kwamba mtoto asome, lakini isidai kuwa mwalimu wake wa pekee. Mzazi naye aweza kuchagua shule, lakini hawezi kuchagua ujinga kwa niaba ya mtoto.

Limebaki neno moja linalotuhusu sisi wenyewe. Leo makanisa yana shule tena, na nyingi hutoza ada, hali serikali iliondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule zake mwaka 2016. Mjane asiye na fedha anachagua nini? Haki ya kuchagua inayowafikia wenye mali tu si haki bado. Kabla ya kuihukumu serikali, yatupasa kuhesabu ni watoto wangapi wa maskini waliomo madarasani mwetu.