Kompyuta ya Nyumbani Bila Mkopo wa Riba



Baadhi ya familia zetu zilizohamia Otonglo, nje kidogo ya mji wa Kisumu kwenye barabara ya kuelekea Busia, zimetuuliza iwapo inafaa kuunda kompyuta ya mezani kwa kununua sehemu zake kidogo kidogo, badala ya kukopa na kununua iliyo tayari. Swali hili ni zito, kwani mikopo mingi hubeba riba, nasi hatupendi elimu ya watoto wetu ipitie mlango huo. Jibu letu ni kuwa inafaa, mradi kuwe na mpango.

Kwanza yajulikane matumizi. Kuandika kazi za shule, kusikiliza darsa na kuweka hesabu za biashara havihitaji kadi ya picha ya pekee, bali prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake. Hapa pana mtego. Prosesa nyingi za Intel ambazo nambari yake huishia kwa herufi F, kama i3-10100F, huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu hazina uwezo huo. Bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi.

Kwa vifaa vilivyotumika, tazameni kizazi cha prosesa. Katika i5-8500, tarakimu 8 ya mwanzo ndiyo kizazi. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 hutaka rasmi kizazi cha 8 na kuendelea. Mwenye prosesa ya zamani asikate tamaa: Linux Mint na LibreOffice hutolewa bure, na ni bora kuliko programu za wizi.

Ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, lazima uafikiane na prosesa. Vizazi vya 6 na 7, na vile vya 8 na 9, hutumia tundu lenye jina moja, LGA1151. Prosesa huingia vizuri, lakini kizazi cha 8 hakifanyi kazi kwenye ubao uliotengenezewa cha 6. Vivyo hivyo, RAM ya DDR3 haikai mahali pa DDR4. GB 8 za RAM zatosha kuanzia, pamoja na diski ya SSD ya GB 256, ambayo huharakisha mashine ya zamani kuliko badiliko jingine lolote.

Msibane fedha kwenye pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na umeme unaokatika na kurejea ghafla huumiza vifaa. Pawasaplai duni ikiungua yaweza kuunguza na vingine. Tafuteni yenye alama ya 80 Plus, ongezeni UPS inapowezekana, na mawingu yakitanda chomoeni waya ukutani. Palipo pa kubana ni kasha, kibodi na monita.

Basi mpango ni huu. Anzeni na monita na kibodi, ambavyo hujaribiwa dukani papo hapo. Kisha dundulizeni, hata kwa chama cha kina mama, mpaka ipatikane fedha ya prosesa, ubao mkuu, RAM, SSD na pawasaplai kwa pamoja. Vinunuliwe siku moja na viwashwe mbele ya macho yenu, kwa kuwa dhamana huanza siku ya kununua, wala si siku ya kuwasha. Kifaa kilichokaa kabatini miezi mitatu bila kujaribiwa hakina wa kukidai.

Dini yetu imekataza biashara ya gharar, yenye utata na mambo yasiyojulikana, na ni wajibu wa muuzaji kuieleza kasoro ya bidhaa yake. Kwa hiyo si utovu wa adabu dada kudai risiti yenye nambari ya kila kifaa na muda wa dhamana.

Mashine ikikamilika, iwekeni sebuleni, mahali ambapo mama na baba huona kinachosomwa. Allah azitie baraka chumo zetu na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.