Boti Kabla ya Baridi: Kutoa Maji Kwanza, Dawa Baadaye

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Vimiminika vingi hufanya kinyume, vikigeuka yabisi husinyaa. Molekuli za maji zinapojipanga kuwa barafu hushikana katika umbo la pembe sita lenye uwazi katikati, na barafu iliyokosa mahali pa kutanukia hupasua kinachoizuia. Chuma cha kusubu cha injini, kilichozoea joto kali na mtikisiko, huweza kupata ufa kwa usiku mmoja.

Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, kuanzia Duluth kwenye Ziwa Superior hadi fukwe za Ontario, boti nyingi za starehe hupandishwa nchi kavu majira ya vuli na kukaa huko hadi machipuko. Hatari huongezeka pale zinapopandishwa. Boti inayoelea hupata joto kidogo kutoka ziwani. Ikiwa juu ya nguzo, upepo huipiga pande zote, na injini hufikia nyuzi za kuganda wakati ziwa lingali wazi. Kwa hiyo matayarisho hayangoji theluji ya kwanza.

Sehemu inayoharibika kwa gharama kubwa zaidi ni injini ya petroli iliyofungwa ndani ya boti. Injini nyingi za aina hii hupozwa kwa maji ya ziwa: pampu huyavuta, huyapitisha kwenye bloku na manifoldi za moshi, kisha huyatoa nje pamoja na moshi. Injini ikizimwa, maji mengi hubaki ndani.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mwenye boti hutumbukiza mpira wa pampu kwenye ndoo ya dawa ya kuzuia kuganda, huwasha injini, na akiona rangi ya waridi ikitoka kwenye bomba la moshi huamini kazi imekwisha. Lakini injini ikiwa baridi, themostati huwa imefungwa. Dawa hupita njia ya mkato kuelekea manifoldi huku bloku ikibaki imejaa maji yale yale ya ziwa. Hata themostati ikifunguka, dawa huchanganyika na maji yaliyomo na kupoteza nguvu. Njia ya uhakika ni kufungua vizibo vyote vya kutolea maji, vya bloku na vya manifoldi, na kuchokoa kila tundu kwa waya, kwa kuwa kutu na mchanga huweza kuliziba huku maji yakiwa bado nyuma yake. Bloku ikishakauka ndipo dawa hutiwa. Vizibo vya bati vya ubavuni, ambavyo wengi hutegemea vifyatuke kabla ya bloku kupasuka, havikuwekwa kwa kazi hiyo. Vimeziba mashimo yaliyotumika kutolea mchanga wa kusubia. Kuvitegemea ni kubahatisha.

Injini inayofungwa tezini ina nafuu: ikisimamishwa wima, maji hutiririka yenyewe. Kwake cha kuangaliwa ni oili ya giaboksi. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamepenya, na yakiganda humo hupasua kasha la gia.

Petroli yenye ethanoli hunyonya unyevu wa hewa, na baada ya miezi kadhaa ethanoli na maji huweza kujitenga na kutuama chini ya tangi. Dawa ya kuhifadhi mafuta hutiwa kabla, kisha injini huendeshwa dakika kadhaa ili ifike hadi kwenye kabureta. Oili ya injini hubadilishwa vuli, si machipuko, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu ambao ungekula beringi majira yote ya baridi.

Kwa mabomba ya maji safi, utaratibu ni ule ule. Tangi humwagwa, tangi la maji ya moto hutolewa maji na kuachwa kando ya mzunguko ili lisimeze dawa bure, kisha bomba moja baada ya jingine hufunguliwa, la baridi na la moto, hadi rangi ionekane. Bafu, choo na pampu ya ngama visisahaulike. Dawa ya hapa lazima iwe ya propileni glikoli. Ethileni glikoli ni sumu na haifai kabisa kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Aghalabu chupa huandikwa nyuzi 50 za Farenhaiti chini ya sifuri, yaani takriban 46 za Selsiasi chini ya sifuri. Namba hiyo inahusu kutopasua bomba; dawa yenyewe huanza kuwa uji mapema zaidi, na ikizimuliwa na maji yaliyobaki kinga yake hupungua sana.

Betri iliyojaa chaji haigandi kirahisi hata kwenye baridi ya Minnesota, ila iliyokwisha chaji huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka kasha. Hujazwa kabla ya kuhifadhiwa.

Vizibo vilivyofunguliwa vuli hutiwa kwenye mfuko na kufungwa kwenye usukani, pamoja na orodha ya kila kimoja na mahali pake. Boti inayoshushwa machipuko bila vizibo hivyo hujaa maji ngamani mara injini inapowashwa, kwa kuwa pampu humwaga ndani maji ambayo yangezunguka kwenye bloku.