Kuchagua Simu ya Upepo kwa Safari za Kibiti na Delta ya Rufiji

Msafiri atokaye Dar es Salaam kuelekea kusini hufika Kibiti kwa barabara ya lami, na akiendelea huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa bila taabu. Safari hubadilika sura anapoiacha lami. Upande wa magharibi ipo njia ya kwenda Mloka na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Upande wa mashariki, kutokea Bungu, ipo njia ya Nyamisati, bandari ya kuvukia kwenda Mafia na vijiji vya Delta. Wakati wa masika udongo wa mfinyanzi hugeuka tope linalonasa hata gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne, na mafuriko ya mwaka 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti yaliwakumbusha wengi jinsi njia iliyopitika jana inavyoweza kutopitika leo. Katika safari za namna hiyo, mtandao wa simu za mkononi huweza kupotea pale hasa unapohitajika.

Ndiyo maana wenye magari ya watalii, wakandarasi, wafanyabiashara wa mazao na familia zinazosafiri kwa magari mawili au matatu hutafuta simu za upepo. Kifaa hiki hakihitaji mnara wala vocha: msemaji hubonyeza kitufe, husema, kisha huachia ili asikilize. Lakini si kila simu ya upepo inafaa kila safari, na anayechagua vibaya huenda asijue kosa lake mpaka gari limezama na mgonjwa yumo ndani. Makala hii inamweleza mtumiaji mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha zake.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi huonyeshwa dukani ni umbali: kilomita 20, kilomita 50, pengine zaidi. Usinunue kwa kuitegemea namba hiyo. Mawimbi ya simu za upepo zinazotumika zaidi garini husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Kwa hiyo kinachoamua umbali kuliko vyote ni kimo cha antena zote mbili kutoka ardhini.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika nchi tambarare isiyo na kizuizi, watu wawili walioshika simu za mkononi kwenye kimo cha mita 1.5 hufikia ukomo wa kilomita 10 hivi. Magari mawili yenye antena zilizofika mita 2.5 kutoka ardhini hufikia kilomita 13 hivi. Ili kupata kilomita 50, kila msemaji angehitaji antena iliyo juu kiasi cha mita 37, yaani kimo cha jengo la ghorofa kumi na mbili. Na hiyo ni hesabu ya uwanja mtupu. Penye vichaka, miti, vichuguu na mikoko, mawimbi hunyonywa na kuvunjwa, na simu mbili za mkononi zinaweza kuishia kilomita moja au tatu.

Delta yenyewe inayo historia inayolithibitisha jambo hili. Mwezi Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika mikondo ya Rufiji, ilizamishwa na meli za Waingereza ambazo wapiga mizinga wake hawakuweza kuiona kwa sababu ya mikoko. Aliyewaongoza alikuwa mwangalizi aliyekuwa angani ndani ya ndege, akiwatumia kwa redio habari za mahali makombora yalipoangukia. Redio ya siku zile ilikuwa hafifu kuliko ya leo, lakini ilikuwa juu.

Kuongeza nguvu ya mtambo hakuleti matunda ya kulingana. Simu ya wati 50 haifiki mara mbili ya simu ya wati 25. Humsaidia msemaji kupenya vichaka, lakini haiwezi kuupinda ukingo wa dunia. Fedha ya ziada hufanya kazi bora ikitumika kwenye antena nzuri.

Masafa gani yafaa wapi

Simu za upepo hugawanyika kwa masafa ya redio. Makundi manne yatamhusu msafiri wa Kibiti na Delta.

UHF, hasa kati ya megahezi 400 na 470, ina antena fupi na hufanya vizuri mjini na ndani ya majengo. Msituni hupungua haraka. Yafaa kwa magari yanayofuatana kwa karibu, na kwa mtu anayeshuka kupima kina cha maji huku akiongea na dereva.

VHF ya nchi kavu, hasa kati ya megahezi 136 na 174, hustahimili mashamba na vichaka kuliko UHF. Kwa msafara wa magari unaokwenda Mloka au Nyamisati, hii ndiyo chaguo la kawaida lenye busara.

VHF ya baharini ni kundi jingine, ingawa masafa yake yako jirani. Chaneli 16, yenye megahezi 156.8, ni chaneli ya kimataifa ya dharura na wito baharini. Atakayeacha gari Nyamisati na kupanda boti kwenda kata za Maparoni, Kiongoroni au Msala ahakikishe chombo kina simu ya baharini. Simu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mazungumzo ya magari, na kuitumia hivyo ni kuziba njia ya anayezama.

HF, iliyo chini ya megahezi 30, huweza kurudishwa ardhini na tabaka la juu la anga, na hivyo kufika mamia ya kilomita bila mnara. Kwa miaka mingi imetumiwa na vyombo vya usalama, misheni na mashirika yanayofanya kazi mbali na miji. Bei yake ni kubwa, antena yake ni ndefu, na mtumiaji anahitaji mafunzo. Hiyo ni chaguo la taasisi inayoingia porini mara kwa mara. Familia yenye safari moja kwa mwaka haina haja nayo.

Ya mkononi au ya kufungwa garini

Simu ya mkononi, kwa kawaida ya wati 4 au 5, ina faida moja isiyo na mbadala: hutoka nje ya gari pamoja na mtu. Udhaifu wake ni kwamba bodi ya gari ni bati, nalo huyazuia mawimbi. Anayeongea akiwa amefunga vioo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu aliyoilipia.

Simu ya kufungwa garini hutoa wati 25 au zaidi, hupata umeme wa gari, na antena yake hukaa nje. Kwa msafara wa magari matatu, mpango unaofaa ni simu ya kufungwa katika gari la mbele na la nyuma, na simu moja ya mkononi katika kila gari kwa ajili ya watembeao kwa miguu. Zote ziwe za masafa yale yale. Simu ya VHF haisikilizani na ya UHF, na simu ya kidijitali haisikilizani na ya analojia mpaka imewekwa katika hali ya analojia.

Kwa mazingira ya Delta, tazama alama ya IP. Alama ya IP67 maana yake ni kwamba vumbi haliingii, na kifaa huweza kuzama katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. IP54 huvumilia vumbi kiasi na marusharusha tu. Kifaa kilichoingia maji ya chumvi, hata kikiwa na IP67, kisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa, kwa kuwa chumvi hula vituo vya kuchajia.

Antena, nyaya na betri

Mahali pazuri pa antena ni katikati ya paa la bati, kwa sababu paa lenyewe ni sehemu ya antena. Antena ya robo wimbi kwa megahezi 150 ina urefu wa sentimita 50 hivi; kwa megahezi 450, sentimita 17. Fundi aipime kwa mita inayoonyesha kiasi cha nguvu inayorudi kwenye simu. Usibonyeze kitufe cha kusemea antena ikiwa haijafungwa: nguvu isiyo na pa kutokea huweza kuunguza mtambo.

Simu nyingi za garini zimetengenezwa kwa umeme wa volti 12. Malori mengi na baadhi ya magari makubwa hutumia volti 24. Humo sharti kiwekwe kipunguza volti. Simu ya wati 50 huvuta ampia 10 au zaidi wakati wa kusema, kwa hiyo nyaya zitoke moja kwa moja kwenye betri, zikiwa na fyuzi karibu na betri. Tundu la kuwashia sigara halikukusudiwa kazi hiyo.

Leseni na vifaa vilivyoidhinishwa

Masafa ya redio ni rasilimali ya taifa. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na vifaa vinavyoingizwa nchini na kuuzwa hutakiwa viwe vimeidhinishwa kwa aina yake. Anayetumia masafa asiyopewa hukiuka sheria, na zaidi ya hapo huweza kuvuruga mawasiliano ya polisi, ya askari wa wanyamapori au ya ndege.

Wengi hukosea hapa kwa nia njema. Jamaa aliye ughaibuni hutuma simu mbili ambazo kule alipo hutumika bila leseni. Zile za Ulaya zimewekewa megahezi 446, za Marekani megahezi 462 na 467. Ruhusa ya nchi moja haivuki mpaka pamoja na kifaa. Kabla ya kununua au kuagiza, wasiliana na TCRA ujue kifaa kimeidhinishwa au la, na ni masafa gani utapangiwa. Vivyo hivyo kwa vifaa vya setilaiti: navyo ni vifaa vya redio, ulizia kibali chake kwanza.

Kwa safari moja tu, kukodi kwa mtoa huduma mwenye leseni huweza kuwa nafuu kuliko kununua. Dai nakala ya leseni inayoruhusu matumizi hayo, na uibebe garini.

Kabla ya kulipa

Muuzaji mwaminifu hataona vibaya mteja akifanya haya:

1. Aoneshwe uthibitisho kwamba aina na modeli ya kifaa imeidhinishwa, na kwamba namba iliyo kwenye boksi ndiyo iliyo kwenye kifaa.
2. Apewe simu mbili azijaribu nje ya duka, mmoja abaki na mwingine atembee mpaka sauti ikatike.
3. Aulize bei ya betri ya akiba, antena na kebo. Kifaa ambacho betri yake haipatikani kina maisha mafupi.
4. Apate maandishi ya dhamana na risiti ya kielektroniki yenye jina la kifaa, kwani bila risiti malalamiko huwa maneno matupu.
5. Masafa yaliyo kwenye leseni yawekwe na fundi anayetambulika, na mnunuzi apewe orodha yake.

Ukiuziwa kifaa kibovu au kisichoidhinishwa, anza kwa muuzaji, kwa maandishi. Asipokusikiliza, peleka malalamiko TCRA. Kwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kuzidhibiti.

Nani anasikiliza?

Swali hili lapaswa kuulizwa kabla ya mengine yote. Simu ya upepo huongea na mtu aliye na simu kama hiyo, kwenye chaneli ile ile, ndani ya umbali unaofikika. Gari moja lililo peke yake njiani, lenye simu ya VHF ya bei kubwa, likinasa mahali pasipo msikilizaji, halina mawasiliano. Anayesafiri peke yake ana haja zaidi ya kifaa cha setilaiti chenye kibali, au ya gari la pili.

Palipo na mtandao wa simu za mkononi, namba ya dharura 112 ipigwe kwanza. Pasipo mtandao, msafara uwe umekubaliana mapema juu ya mambo matatu: chaneli ya kuanzia na ya akiba, saa za kuitana, kwa mfano kila baada ya nusu saa, na umbali ambao gari la nyuma halitauvuka bila kusubiriwa. Aidha, aachiwe mtu mmoja Kibiti, Ikwiriri au nyumbani karatasi yenye njia mtakayopita, idadi ya watu na saa ya kufika, pamoja na maagizo ya nani apigiwe simu ikiwa saa hiyo itapita kimya. Karatasi hiyo haigharimu kitu, nayo ndiyo itakayowaanzishia watu kazi ya kuwatafuta endapo simu zote zitanyamaza.