BD ya zamani iko Kalemie, pointi zake zinatolewa Florida

KALEMIE, jimbo la Tanganyika – Mtu wa Kalemie aliyeachiwa na mzee wake alibamu ya zamani ya Tintin anaweza leo kufungua simu na kuona alibamu inayofanana nayo ikiombewa mamia ya euro huko Ulaya. Furaha inakuja mbio. Kile ambacho simu haimwambii ni kwamba kati yake na hizo euro kuna wapimaji, kuna wachuuzi wanaokata sehemu yao, na kuna safari ndefu ya kifurushi kutoka mji usio na hata mpimaji mmoja. Na hata wale wanaokaa karibu na wapimaji, kule Marekani, manung'uniko yao siku hizi hayaishi.

Tuanze na hao wapimaji. Mwaka 2000 kampuni inayoitwa CGC ilifungua kazi katika jimbo la Florida, na makao yake yako mji wa Sarasota. Unawatumia BD yako. Wanahesabu kurasa, wanatafuta mikunjo, kutu kwenye vyuma vinavyoshika karatasi, doa la maji, rangi iliyofifia. Kisha wanakipa kitabu pointi kuanzia 0.5 mpaka 10, kama mwalimu anayesahihisha mtihani, na kukifunga ndani ya kasha la plastiki ngumu lenye kibandiko juu. Kibandiko cha buluu ni cha kitabu cha kawaida. Cha zambarau kinasema kitabu kilirekebishwa, pengine kilipakwa rangi au kuzibwa tundu, na sokoni zambarau inashusha bei hata kama marekebisho yalifanywa kwa nia safi.

Habari zinazofika huku kwetu ni zile za mamilioni. Mwezi wa Aprili 2024, nakala ya Action Comics namba 1, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1938, iliuzwa kwa mnada dola milioni 6. Ilikuwa na pointi 8.5 juu ya 10. Wakati inatoka, bei yake ilikuwa senti 10. Mtu akisikia hivyo anadhani kila karatasi ya zamani ni almasi.

Wenye kukusanya vitabu hivyo wanasimulia mambo mengine. Lawama ya kwanza ni kwamba pointi ni macho ya mtu. Kitabu kilekile, kikivunjiwa kasha na kurudishwa, kinaweza kurudi na pointi nyingine, na kwa vitabu vinavyotafutwa sana, kupanda kidogo kutoka 9.6 hadi 9.8 kunaweza kuzidisha bei mara nyingi. Ndiyo maana imezuka kazi ya kunyoosha vitabu kwa joto na uzito, karibu sawa na kupiga nguo pasi, ili mikunjo ipotee kabla ya kupimwa. CGC haihesabu kunyoosha huko kuwa ni marekebisho. Na kundi la makampuni ambalo CGC imo ndani yake lina pia kampuni ya kunyoosha. Yaani anayekusahihishia mtihani ana ndugu yake anayeuza masomo ya jioni. Mwaka 2021 sehemu kubwa ya kundi hilo ilinunuliwa na Blackstone, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Marekani, na hilo peke yake linaonyesha kwamba fedha ziko zaidi kwa anayepima kuliko kwa anayepimiwa.

Halafu mwanzoni mwa mwaka 2024 likatoka jambo baya zaidi. CGC ilikubali kwamba kuna mtu alikuwa akichezea makasha: anatoa kitabu kizuri, anaweka nakala ya chini mahali pake, kisha anarudisha kasha kwa kampuni akidai limepasuka na anataka jipya. Nakala mbovu ikarudi imefungwa upya, na pointi za kitabu kingine juu yake. Kampuni ilitangaza orodha ya mamia ya vitabu vya kuangaliwa tena. Watu walikuwa wamelipa kwa ajili ya kile kibandiko, bila kufungua kasha, kwa sababu ukilifungua pointi zinakufa.

Turudi kwenye ile alibamu ya Tintin. Kwa vitabu vya Ubelgiji na Ufaransa makasha ya plastiki si desturi sana. Huko wanatumia kitabu cha bei kinachoitwa BDM, kutokana na majina ya Béra, Denni na Mellot walioanza kukitengeneza, na muuzaji mwenyewe ndiye anasema kama hali ya nakala ni nzuri au mbaya. Tintin au Congo ilianza kutoka kidogokidogo katika gazeti la watoto la Brussels mwaka 1930, ikawa alibamu ya rangi nyeusi na nyeupe mwaka 1931, kisha Hergé akaichora upya kwa rangi mwaka 1946. Katika toleo la zamani Tintin anawafundisha watoto wa Congo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika lile la 1946 somo limegeuka kuwa hesabu. Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alipeleka alibamu hiyo mbele ya sheria huko Brussels mwaka 2007 kwa sababu ya ubaguzi uliomo, na mwaka 2012 mahakama ikamkatalia. Kinyume cha mambo ni kwamba kadiri nakala inavyokaribia matusi yake ya kwanza, ndivyo bei inavyopanda.

Nakala nyingi zilizobaki mikononi mwa watu si za miaka hiyo, na kuna njia ya kujua bila kumlipa mtu. Geuza alibamu, soma orodha ya vitabu kwenye jalada la nyuma. Kama Tintin et les Picaros imo, nakala yako haiwezi kuwa ya kabla ya 1976, maana kitabu hicho kilitoka mwaka huo. Hizo zilichapwa kwa wingi mkubwa na bei yake ni ndogo. Mtu asitishwe pia na habari za Paris za Januari 2021, wakati mchoro wa jalada la Le Lotus bleu ulipovunja rekodi. Ule ulikuwa mchoro wa mkono wa Hergé mwenyewe. Na hata pale, nyundo ilipigwa kwenye euro milioni 2.6 lakini mnunuzi akalipa karibu milioni 3.2. Tofauti ilikuwa malipo ya mnada.

Sasa tuseme nakala ni ya zamani kweli. Hapo ndipo mtu wa Kalemie anapoumia. Karatasi iliyokaa mji huu tangu ulipoitwa Albertville imepita uasi wa mwaka 1964, vita vya 1996 na 1998, tetemeko la ardhi la Desemba 2005, na ziwa ambalo miaka hii limepanda na kuingia ndani ya nyumba za watu. Imekaa katika unyevu ambao sanduku la Brussels haliujui. Mpimaji anaona doa na kona iliyoliwa na panya, anaandika 2 au 3 juu ya 10. Kwa sheria zake yuko sawa. Lakini gharama ya kutuma, kupima na kurudisha imeshapita bei ya kitabu, kwa hiyo mwenye nacho anabaki na mnunuzi wa WhatsApp, ambaye atamwambia kwa sauti ya huruma kwamba bila pointi hakina thamani. Mnunuzi huyohuyo akifika Ulaya hatasema hivyo. Anayeuza aombe kuonyeshwa bei ambazo nakala kama yake zimekwisha kuuzwa, kwa sababu bei inayoombwa kwenye intaneti kila mtu anaweza kuiandika. Na picha zitumwe kwanza. Kitabu chenyewe kisiondoke mkononi kabla ya fedha.

Jimbo hili linajua vitu vinavyoondoka. Sanamu ya chifu Lusinga, iliyochukuliwa Marungu mwaka 1884 watu wa Emile Storms walipomuua, iko hadi leo katika makumbusho ya Tervuren.

Kuna BD nyingine ambazo hazikupimwa na mtu yeyote na bado zimehifadhiwa. Kuanzia mwaka 1990, Papa Mfumu'Eto wa kwanza alikuwa akichora na kuuza Kinshasa vijarida vya Kilingala kwenye karatasi ya bei ya chini, na kile cha nyoka mkubwa anayemeza mwanamke kilizungumziwa mji mzima. Mwaka 2015 kazi yake ilionyeshwa Paris, na leo michoro na vijarida vyake vimo katika maktaba ya chuo kikuu cha Florida, mji wa Gainesville, jimbo lilelile la wapimaji. Maktaba haikuuliza kama kona zimekunjika. Kwake doa la mafuta la msomaji wa sokoni nalo ni habari.

Kwa hiyo kama sandukuni kwako kuna Jeunes pour Jeunes au Kake, majarida ya Kinshasa ya miaka ya 1960 na 1970, usizitupe kwa sababu tu hazimo kwenye kitabu cha bei. Usizibandike skochi, gundi yake inageuka manjano na kula karatasi. Usizipige pasi. Ziweke juu, mbali na sakafu, zikiwa zimelazwa ndani ya bahasha ya karatasi, kwa maana mfuko wa plastiki uliofungwa unashika unyevu. Na uandike kwenye kipande cha karatasi kando yake zilikuwa za nani na zilifika Kalemie mwaka gani.