Juisi Imeisha: Kopo, Chemi ama Daki?

Wasee wa chuma, kuna stori huwa inaongelewa kichini-chini tu huko nyuma ya jim. Leo tuiweke wazi. Umemaliza raundi ya juisi, yaani sindano za steroidi. Kifua kimejaa, fulana inabana, mtaa mzima umenotisi. Wiki chache zinapita na mwili unaanza kuleta ngori: unaamka umechoka, chuma inakuboo, mambo ya kitanda yamelala, na roho iko chini bila sababu. Mse mmoja anakushow ununue kopo ya "testo". Mwingine anakushow kuna tembe flani chemi, we enda tu uulize. Wote wanakupenda, lakini wote wanakupea dawa kabla hujapimwa.

Cheki venye hii kitu ya testosteroni hufanya job. Ubongo ndio hutoa oda. Hutuma homoni mbili, LH na FSH, zishuke hadi kwa korodani. LH inaziambia zitengeneze testosteroni, FSH inasukuma mambo ya mbegu. Ukijidunga testosteroni ya nje, ubongo unaona damu imejaa, unakata oda. Korodani zinasinyaa, na mbegu zinaweza kushuka hadi sufuri. Ukiwacha sindano, oda hairudi siku hiyo. Wengi hurudi fiti baada ya miezi kadhaa, wengine mwaka unaisha wakingoja, na kuna wenye hawarudi kabisa. Ukipiga raundi ndefu na dozi nzito, kurudi kunazidi kuwa ngumu.

Sasa tuanze na kopo za saplimenti. Tribulus imepimwa kwa wanaume wa mazoezi na testosteroni haikupanda. D-aspartiki asidi nayo haijawasaidia wasee wenye wamezoea chuma. Zinki inasaidia ka mwili wako unaikosa; ka unayo ya kutosha, unakojoa doh yako. Ashwagandha kuna utafiti mdogo-mdogo umeonyesha inainua kidogo, lakini kuna watu imewaumiza maini. Mukombero wa Magharibi, ule mzizi huuzwa tao kwa karai, tafuna ukipenda ladha yake, lakini hakuna ushahidi inaamsha ubongo urudishe oda. Na kuna kitu mbaya zaidi: FDA, wasimamizi wa dawa wa Marekani, imeonya mara mob kuhusu saplimenti za misuli zenye steroidi zimefichwa ndani. Unadhani unajitibu, kumbe umeanza raundi ingine.

Chemi ndio kuna dawa zenye nguvu, na hapo ndio lazima uwe rada. Klomifeni ilitengenezwa kusaidia wanawake wapate mimba. Tamoksifeni ni ya saratani ya matiti. Zote mbili huzuia ubongo usisikie estrojeni, ndio utume LH na FSH tena. hCG ni homoni ya mimba; huigiza LH na kugonga korodani moja kwa moja, lakini haiamshi ubongo. Ukiitumia vibaya, ubongo unaendelea kulala na matiti yanaweza kufura. Klomifeni inaweza kuharibu macho, uanze kuona ukungu na miale. Tamoksifeni inaweza kugandisha damu kwa mguu ama kwa mapafu. Daki anaweza kuamua kukupea mojawapo, lakini hakuna hata moja iliidhinishwa kwa hii shida ya juisi. Ndio maana zinataka karatasi ya daktari. Mse wa chemi akikuuzia bila karatasi, hiyo si matibabu. Umebahatisha na mwili wako.

Kwa hivyo anza na damu. Tafuta daktari, akutume kwa mtaalamu wa homoni. Mwambie ukweli wote: ulidunga nini, muda gani, lini mara ya mwisho. Juisi ka Deca na Sustanon hukaa mwilini wiki mob, so ukipimwa mapema majibu yanaweza kukudanganya. Testosteroni hupimwa asubuhi, pamoja na LH na FSH. Acheki pia maini, mafuta ya damu, presha, na unene wa damu yenyewe. Ka unataka watoto, omba mbegu zipimwe. Na akikuambia mngoje kwanza ndio mpime tena, usione amekucheza. Kwa wasee wengi, kungoja bila juisi ndio tiba yenyewe.

Kitu ya mwisho na ndio nzito. Kile kipindi testosteroni iko chini, akili inaweza kuingia giza kabisa. Usirudi kwa sindano ndio ujiskie poa, juu hapo ndio wasee hunasa miaka. Ukianza kufikiria kujitoa uhai, ambia mtu siku hiyo hiyo na uende hospitali. Hakuna aibu hapo, buda. Na ile doh ulikuwa umepanga kununulia kopo, peleka maabara kesho asubuhi.