Kutangulia Si Kufika? Kamuulize Rubani!

Hivi msomaji wangu, umewahi kujiuliza ni nani anayepanga kwamba rubani huyu alete ndege ya mapangaboi Mpanda, na yule apeleke dude la Dreamliner huko Mumbai? Watu wengi jibu wanalo mdomoni: eti hodari ndiye anapewa ndege kubwa, na mbumbumbu anasukumiwa mikoani. Wengine wanasema ni kujuana tu, kama kazi nyingine za mjini.

Hapa Kasekese, wilayani Tanganyika, mkoa wa Katavi, ubishi huo uliwahi kumaliza kahawa yote kijiweni. Mmoja akaapa kwamba marubani wanapimwa kwa mitihani kila mwezi, anayeshika namba moja anachukua ndege kubwa. Wapi bwana! Katika mashirika mengi makubwa ya ndege duniani, kinachoamua ni kitu kimoja ambacho huwezi kukisomea wala kukihonga: tarehe uliyoajiriwa.

NAMBA NDIYO UBAVU

Siku rubani anapoajiriwa anapewa namba yake katika orodha ya ukongwe. Walioingia jana wako mbele yake, watakaoingia kesho watakuwa nyuma yake. Mkiingia siku moja, kuna mashirika yanayowapanga kwa umri, na mengine kwa kura. Basi, imetoka hiyo! Utapanda tu pale mtu wa mbele anapostaafu, anapoacha kazi au anapoaga dunia.

Namba hiyo ndiyo inayosema utarusha ndege ya aina gani, utakaa kituo gani, utakuwa kapteni au msaidizi wake, mwezi huu utaruka siku zipi, likizo utachukua lini na Krismasi utakula pilau na nani. Nafasi zinatangazwa, kila mtu anaandika anachotaka, halafu wanaanza kugawiwa kutoka juu kwenda chini. Mwenye namba ya juu anachagua kwanza. Wewe wa mkiani unapewa makombo na unasema asante.

Usidhani ni uonevu mtupu. Marekani, ambako mtindo huu umeshika mizizi kuliko kwingine, marubani waliunda chama chao cha ALPA mwaka 1931, na orodha ya ukongwe ikawa ngao yao. Bosi hawezi kumpa shemeji yake ndege nzuri, wala kumkomoa rubani aliyekataa kuruka kwenye hali mbaya ya hewa. Anayegoma kuruka kwa sababu ya usalama anajua kesho namba yake iko palepale. Hapo abiria naye anapona.

MWALIMU NA RUBANI

Kwenye vituo ndipo penye kichekesho. Sisi huku tumezoea kuona mwalimu mgeni, chaki bado haijamchafua vidole, anapangiwa shule ya mbali kama za huku kwetu, na wakongwe wanabana mjini. Kwa marubani wa Marekani mara nyingi mambo yamepinduka. New York, mji ambao vijana wote wanauota, ndiko marubani wageni wengi wanakoangukia, kwa sababu wakongwe wameukimbia. Kodi ya nyumba ni moto, viwanja vyake vina msongamano, na mwenye mke na watoto anataka kukaa karibu na kwao.

Basi kijana anapangiwa New York na nyumbani kwake ni saa tatu kwa ndege. Anafanyaje? Anapanda ndege kama abiria kwenda kuanza kazi, na akifika analala chumba cha kuchangia na marubani wenzake, vitanda vya juu na chini kama bweni la sekondari. Sare safi, mabega yana mistari, kumbe mtu analala dabo deka!

Kwa Waarabu hakuna kasheshe hiyo. Emirates kituo chake ni Dubai, Qatar Airways ni Doha. Ukiajiriwa huko, unahamia huko, maneno yamekwisha. Kwetu nako Air Tanzania na Precision Air makao yao ni Dar es Salaam. Mashirika yetu ni madogo, na swali kubwa la rubani wa Bongo si "nitakaa wapi" bali "nitarusha nini".

KUTOKA MAPANGABOI HADI DREAMLINER

Tazama ngazi yenyewe. Mwenye leseni ya biashara anatoka shuleni akiwa na saa kama 200 tu angani. Kwa leseni kubwa ya rubani wa mashirika anahitaji saa 1,500. Anazipata wapi? Wengi wanaanzia kwenye ndege ndogo kama Cessna Caravan, ya injini moja, wakipeleka watalii mbugani. Hata hapa jirani, kwenye uwanja wa Ikuu ndani ya Hifadhi ya Katavi, ndege za aina hiyo hutua karibu na viboko. Kijana unayemwona hapo anapeperusha vumbi anahesabu saa zake kama mchezaji anayehesabu magoli.

Ngazi inayofuata ni kama Dash 8 Q400, ya viti 76, ndege ambayo Air Tanzania imekuwa ikiileta Mpanda. Juu yake kuna Airbus A220, yenye viti 132, halafu Boeing 737 MAX, na kileleni Boeing 787 Dreamliner, ya watu 262. Huwezi kuruka ngazi hivi hivi. Kila aina ina mafunzo yake ya wiki kadhaa, darasani na kwenye simuleta, na leseni yako inaandikwa aina hiyo. Mafunzo ni ghali, kwa hiyo mashirika mengi yakishakuweka kwenye ndege moja yanakufungia hapo kwa muda kabla hujaruhusiwa kuomba nyingine.

Ndiyo maana ndege mpya ikinunuliwa, marubani wanashangilia kuliko mawaziri. Air Tanzania ilipokea Q400 mbili mpya mwaka 2016, Dreamliner na A220 za kwanza mwaka 2018, na 737 MAX mwaka 2023. Dude moja jipya linahitaji seti kadhaa za marubani. Wa juu wanapanda, viti vyao vinabaki wazi, wa chini wanasogea. Ndege moja inainua mlolongo mzima.

KAPTENI DEIWAKA

Sasa nikupe fumbo. Umefikia zamu ya kuwa kapteni, mshahara unapanda, bega linapata mstari wa nne. Lakini kwenye orodha ya makapteni wewe ndiye wa mwisho. Utakuwa deiwaka: unakaa na simu mkononi, ukiambiwa ruka unaruka, iwe Idi, iwe harusi ya dada yako. Au ubaki rubani msaidizi, ukiwa juu kabisa ya wasaidizi wenzako, ukichagua safari nzuri na kulala kwako Jumapili?

Huko Marekani wapo wanaokataa ukapteni kwa miaka, eti bora kuwa mkubwa wa wadogo kuliko mdogo wa wakubwa. Usicheke. Ungekuwa na mtoto mchanga nyumbani ungefikiria mara mbili.

FOLENI IKIFA

Ubaya wa namba hii ni kwamba haibebeki. Ukihama shirika, hata kama una miaka 20 angani, kule unakoenda kwa kawaida unaanza mkiani, nyuma ya kijana ambaye ungeweza kumzaa. Na shirika likifa, foleni yako inazikwa nalo. Afrika Mashariki tumeyaona. East African Airways, iliyoanza mwaka 1946, ilikufa mwaka 1977, na nchi zikaanza mashirika yao upya. Uganda Airlines ilifungwa mwaka 2001 na ikarudi angani mwaka 2019, shirika jipya lenye jina lilelile. Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar mwaka 2012, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ilikuwa imesimama. Aliyekuwa namba tano huko anakuwa namba tano ya wapi?

Hata ndoa za mashirika zina machozi. Mwaka 2005 America West na US Airways za Marekani ziliungana. Wa US Airways walikuwa wakongwe, wakataka orodha ifuate tarehe ya kuajiriwa. Wa America West wakang'aka: kampuni yenu ilikuwa mahututi na wengi wenu mmesimamishwa kazi, mtukalie vichwani kwa lipi? Mwaka 2007 msuluhishi George Nicolau akatoa orodha, na waliokuwa wamesimamishwa akawaweka mkiani, wakiwemo wenye miaka mingi. Likalipuka zogo! Mwaka 2008 marubani wakakitupa chama chao wakaunda kingine, na kwa miaka mingi kampuni moja ikaendesha makundi mawili kwa orodha mbili.

Foleni pia huganda. Desemba 2007 Marekani ilipandisha umri wa mwisho wa marubani wa mashirika kutoka miaka 60 hadi 65. Wazee waliokuwa wanafunga virago wakarudi vitini, na vijana wakasubiri.

UKONGWE USIZIBE MASIKIO

Tusichanganye namba na akili. Ukongwe unakupa haki ya kuchagua, haukufanyi usikosee. Machi 27, 1977, huko Tenerife, kapteni mkufunzi wa KLM, mmoja wa wakubwa kabisa wa shirika lake, alianza kuondoka kabla hajaruhusiwa. Mhandisi wake aliuliza kama ndege ya Pan Am imeshatoka njiani, akajibiwa imetoka. Haikuwa imetoka. Watu 583 walikufa. Tangu hapo ulimwengu wa ndege ulianza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Kwenye chumba cha marubani namba inaishia mlangoni.

MJOMBA NA NG'OMBE

Kwa nini nayasema haya? Mjomba wangu wa hapa Kasekese ana binti aliyemaliza kidato cha sita, masomo ya Fizikia, Kemia na Hesabu, na anataka urubani. Mjomba anafikiria kuuza ng'ombe. Wazee wa ukoo wanamwambia, "Asubiri kwanza, aolewe, ndege hazikimbii."

Nilimwambia, "Mjomba, ndege kweli hazikimbii, ila foleni inakimbia." Piga hesabu. Akiajiriwa ana miaka 23, mpaka 65 ana miaka 42 ya kazi. Akiajiriwa ana 30, ana 35. Ile 7 iliyopotea si ya mwanzo, ya kulala bwenini na kuwa deiwaka. Hiyo ataipitia tu. Iliyopotea ni ya mwisho, ya kileleni, ya kuchagua ndege na Krismasi. Ukichelewa unakatwa upande wa mnofu.

Lakini mjomba naye si mjinga. Akaniuliza, "Na nikiuza ng'ombe wote, halafu asipate kazi?" Swali hilo ni zito kuliko la foleni. Saa 200 haziajiriki kirahisi, na ng'ombe aliyeuzwa harudi zizini.

Kwa hiyo, wewe unayeota bawa, kabla ya kulipa ada ya Soroti au Nairobi uliza haya. Wahitimu wa karibuni wa chuo hicho wako wapi, wanaruka au wanauza vocha? Shirika unalolilenga lina orodha iliyoandikwa, au bosi anagawa anavyotaka? Makapteni wake wana umri gani, wanakaribia kustaafu au ni vijana watakaokukalia mbele miaka 30? Lina ndege mpya njiani, au linauza zilizopo?

Ukipata majibu mazuri, usizubae. Wahenga walisema kutangulia si kufika, nao walikuwa na hekima zao. Ila wahenga hawakupanda ndege.